Kiwanja cha Kongowe: karatasi zikaguliwe kiangazi, ardhi ikaguliwe masika

Jumapili yoyote ya mwisho wa Februari, Kongowe ya Kibaha haikosi picha hii. Dalali ametangulia, anarefusha miguu na kuhesabu kwa sauti: "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini!" Anachomeka kijiti kilichofungwa kipande cha mfuko wa plastiki, anageuka kushoto, anaanza upya kuhesabu. Nyuma yake wanafuata mume na mke waliotoka Dar es Salaam asubuhi, mwavuli mmoja kwa wawili. Jua kali, nyasi zimekauka, ardhi ngumu kama sakafu, na chini ya mkorosho kuna kivuli cha kumfanya mtu ajione ameshajenga. Kabla hawajarudi kituoni, dalali anawaambia neno wanaloambiwa wote: "Amueni leo, wiki ijayo bei si hii."

Masika huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei. Mvua zikishakolea, palepale penye kijiti panaweza kuwa pakavu vilevile, au pakawa njia ya maji inayokata kiwanja katikati.

Mwongozo huu ni kwa anayetafuta kiwanja au nyumba Kongowe na maeneo ya jirani, Kibaha na Kisarawe, katika wiki hizi za kuelekea masika. Unagawa kazi kwa majira: karatasi wakati barabara za kwenda ofisini zinapitika bila tope, ardhi wakati mvua inanyesha, na fedha baada ya hayo yote mawili.

Kwanza, Kongowe ipi?

Kongowe ziko mbili, na matangazo ya viwanja hayasemi daima ni ipi. Moja iko upande wa Mbagala, kwenye Barabara ya Kilwa, mpakani mwa Temeke na Mkuranga. Nyingine ndiyo hii ya Kibaha, kwenye Barabara ya Morogoro, upande wa kuelekea Visiga na Mlandizi. Nauli, maji, ofisi ya ardhi na bei, vyote ni tofauti. Ukiona tangazo la "Kongowe, dakika tano toka lami", uliza kwanza ni lami ya barabara gani.

Hata ukishafika Kongowe ya Kibaha, kazi haijaisha. Ukiacha lami na kupanda bodaboda kuingia ndani, unaweza kutoka eneo la mji wa Kibaha ukaingia Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo makao yake yako Mlandizi, au ukavuka hadi Wilaya ya Kisarawe. Dereva wa bodaboda hatakuambia kwamba umevuka mpaka. Lakini ndani ya mji unashughulika na mtaa na ardhi ya mipango miji, na ukiingia kijijini unashughulika na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Karatasi halali upande mmoja inaweza isitoshe upande wa pili.

Soko linasukumwa na nini

Bei ya ardhi ukanda huu imebebwa na mambo kadhaa, na ni vyema kuyatenga: yaliyokwisha kufika na yanayosubiriwa.

Yaliyofika yanaonekana kwa macho. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa kuwa ya njia nane. Kituo cha mabasi cha Magufuli kilifunguliwa Mbezi Luis mwaka 2021, na kazi nyingi zilizokuwa Ubungo zikasogea upande huu. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Soga, iliyo Wilaya ya Kibaha, ni mojawapo ya stesheni zake. Bandari kavu ya Kwala, pia Wilaya ya Kibaha, ilizinduliwa rasmi Julai 2025, na eneo la viwanda liko jirani yake.

Yanayosubiriwa ndiyo madalali wanayoyapenda zaidi. Barabara ya kulipia ya Kibaha, Chalinze hadi Morogoro, yenye urefu wa kilomita zipatazo 205, imo katika mipango ya serikali ya kushirikiana na sekta binafsi. Kwa mnunuzi mpango huo una sura mbili. Unaweza kupandisha thamani ya kiwanja chako, na unaweza kupita juu yake. Anayekuuzia kwa bei ya barabara ambayo haijajengwa anataka umlipe leo kitu ambacho hata yeye hana.

Kuna na majira ya mwaka. Januari shule zinafunguliwa, ada na sare zinadaiwa, na baadhi ya wenye mashamba hukata kipande wakiuze haraka. Februari na mwanzoni mwa Machi wanunuzi bado wanafika kwa wingi kwa sababu njia ni kavu. Masika yakikolea, barabara za ndani zinageuka tope, malori ya mchanga na kokoto yanakwama, mafundi wanapunguza kazi, na wateja wa Jumapili wanapungua. Muuzaji anayekuambia Februari kwamba kuna watu watatu wanakigombea kiwanja, mwezi wa nne anaweza kupokea simu yako akiwa na lugha nyingine.

Kwa hiyo haraka ya wiki hizi ni ya dalali zaidi kuliko ya mnunuzi.

KALENDA YA MNUNUZI

- Februari hadi katikati ya Machi: chagua viwanja viwili au vitatu, usichague kimoja. Kagua wauzaji, hadhi ya ardhi na ramani. Soma pia mwelekeo wa mvua za masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya msimu.
- Mwisho wa Machi hadi Aprili: rudi kwenye kila kiwanja, angalau mara moja mvua ikinyesha na mara moja siku inayofuata.
- Mei: jadili bei, andika mkataba, lipa.
- Juni na kuendelea, mvua zikikatika: simika mipaka, anza msingi.

Hatua za kufuata

1. Mjue muuzaji kabla hujakijua kiwanja. Omba kitambulisho chake cha Taifa na maelezo ya namna alivyoipata ardhi: alinunua, alirithi, aligawiwa au alifyeka pori. Kama alinunua, aonyeshe mkataba wake wa awali. Kama ni urithi, na mashamba mengi ya mikorosho ukanda huu ni ya ukoo, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hana mamlaka hayo kwa ukubwa wake, wala mjomba anayekaa pale kwa kukaa kwake. Omba nakala ya barua ya uteuzi, kisha uthibitishe kwenye mahakama iliyoitoa.

Kama muuzaji ana mke au mume, mwenza wake lazima aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Usitosheke na kauli ya "mama yuko safarini, anajua." Subiri mama arudi.

2. Ijue hadhi ya ardhi. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini, na unachonunua ni haki ya kuitumia. Haki hiyo ina madaraja:

- Kiwanja chenye hati miliki: kimepimwa, kimesajiliwa, na kina muda maalumu ambao kisheria hauzidi miaka 99. Uliza miaka iliyobaki.
- Kiwanja chenye barua ya toleo: mmiliki amemilikishwa kwa masharti, lakini hati bado. Angalia kama masharti na malipo yametimizwa.
- Kiwanja kilichopimwa bila umilikishaji: kina namba kwenye ramani, lakini jina lako halimo popote mpaka umilikishwe.
- Eneo la urasimishaji: makazi yaliyojengwa kwanza, kisha yakapangwa. Hakikisha mchoro umeidhinishwa. Kulipia mchango wa upimaji peke yake hakutoshi.
- Shamba au ardhi ya kijiji: yaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila, au isiwe na kitu zaidi ya mashahidi na miti. Kwa mtu wa nje ya kijiji, uhamisho unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na idhini hiyo ionekane kwenye muhtasari wa kikao chenye mihuri na saini.

Daraja la chini halikukatazi kununua. Linakutaka uteremshe bei na uongeze ukaguzi.

3. Peleka namba ofisini mwenyewe. Chukua namba ya kiwanja na kitalu uende ofisi ya ardhi ya halmashauri husika. Uliza maswali matatu: Je, kiwanja hiki kipo kwenye mchoro ulioidhinishwa? Kimepangiwa matumizi gani? Kimemilikishwa kwa nani? Kwa chenye hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Huduma hiyo siku hizi ipo kwenye ofisi za ardhi za mikoa, na ile ya Pwani iko Kibaha. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio la mahakama au la mtu mwingine.

Swali la matumizi usiliruke. Kuna watu wamenunua "kiwanja cha kona" kikaja kuonekana kwenye mchoro kuwa ni eneo la wazi, shule au makaburi.

4. Pima kwa mita. Mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa, afukue alama za mipaka na kuzilinganisha na ramani. Simu yenye GPS inasaidia kujua kama mko eneo sahihi. Haisaidii kujua mpaka, kwa kuwa inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita tatu ndio upana wa chumba.

KISANDUKU: HATUA SI MITA

"Ishirini kwa ishirini" ina maana mbili. Kwa mita, ni mita za mraba 400. Kwa hatua, inategemea miguu ya anayehesabu. Mtu wa kawaida akitembea bila kujinyoosha, hatua yake ni kama sentimita 75. Hatua 20 zinakuwa mita 15, na kiwanja kinakuwa mita za mraba 225.

Tuseme, kwa hesabu tu, kiwanja kinauzwa shilingi milioni 6. Kwa mita, umelipa shilingi 15,000 kwa mita ya mraba. Kwa hatua, umelipa zaidi ya shilingi 26,600.

Ekari nayo huuzwa kwa "hatua 70 kwa 70". Hesabu hiyo ni sahihi pale tu kila hatua inapofikia sentimita 91 hivi. Kwa hatua za sentimita 75 unapata mita za mraba 2,756 badala ya 4,047. Kilichopotea kinatosha viwanja vitatu vya mita 20 kwa 20.

Njoo na futi kamba ya mita 50. Mkataba uandikwe mita.

5. Tafuta mikuza na hifadhi. Hapa ndipo hasara kubwa zaidi za Barabara ya Morogoro zilipotokea. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zaidi ya elfu moja zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, iliyohesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Miongoni mwake zilikuwamo nyumba za miaka mingi, zenye umeme na maji. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka mita 30 kila upande kwa barabara kuu za kawaida, na kuna waliopigia hesabu hizo 30 katika kipande ambacho hifadhi yake ilikuwa pana kuliko hiyo. Usikadirie. Kama kiwanja kinakaribiana na lami, nenda TANROADS mkoa wa Pwani ukaulize upana wa hifadhi pale hasa kilipo.

Yaulizie na haya:
- Mkuza wa bomba kuu la maji. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, husafirishwa kufuata ukanda huu wa Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha na Dar es Salaam. Uliza DAWASA.
- Mkuza wa umeme mkubwa. Uliza TANESCO.
- Eneo la reli, kwa viwanja vya upande wa Soga.
- Misitu. Msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini umeingia wilaya zote mbili, Kibaha na Kisarawe, na Kisarawe kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi. Shamba la bei ya kutupa pembezoni mwa msitu liulizwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kabla ya kuulizwa bei.
- Mto na bonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

6. Kaa na majirani wa pande nne. Nenda bila dalali, jioni watu wakiwa nyumbani. Piga hodi, salimu wazee shikamoo, ukaribishwe, ndipo uulize. Mpaka uko wapi? Minyaa hii aliipanda nani? Mliwahi kugombana? Kuna mtu mwingine amekuja kuonyeshwa kiwanja hikihiki? Mama aliyekaa pale miaka kumi anajua maji yanapita wapi Aprili, na anajua pia kama wiki iliyopita gari lingine lilisimama palepale na dalali yuleyule.

Baada ya hapo fika ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukuambia kama anamfahamu muuzaji na kama kuna mgogoro umefikishwa kwake. Hana mamlaka ya kugawa ardhi, na muhuri wake haugeuzi mkataba kuwa hati. Ile asilimia 10 inayodaiwa "ya ofisi" sehemu nyingi ni mazoea. Ukiambiwa utoe, uliza inatozwa kwa kanuni gani, na usitoe fedha yoyote pasipo stakabadhi ya serikali.

7. Rudi mvua ikinyesha. Hatua hii ina sehemu yake hapo chini.

8. Mkataba kwa wakili, malipo kwa benki. Wakili awe wako, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania unakuwezesha kuangalia kama wakili ana leseni hai. Mkataba utaje namba ya kiwanja au mipaka na vipimo kwa mita, majina ya majirani wa pande zote, bei kwa tarakimu na maneno, ratiba ya malipo, nani analipa kodi gani, na kitakachofanyika akijitokeza mwenye ardhi mwingine. Lipa kwenye akaunti yenye jina la muuzaji, wala si la "mdogo wake". Bakiza sehemu ya fedha mpaka fomu za uhamisho zisainiwe.

9. Hamisha umiliki. Wengi huishia kwenye mkataba na kuufungia kabatini. Kwa ardhi yenye hati, uhamisho unapitia Fomu Namba 29 ya taarifa ya kusudio, Namba 30 ya maombi ya kibali na Namba 35 ya uhamisho wenyewe, zikiambatana na ripoti ya uthamini, uthibitisho wa kodi kutoka TRA na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Mpaka usajili ukamilike, kwenye vitabu vya serikali mwenye kiwanja ni aliyekuuzia.

Siku ya mvua kiwanjani

Vaa mabuti, beba kijiti cha mita moja, na fika mvua ikinyesha au ndani ya saa moja baada ya mvua kubwa. Usianzie kiwanjani. Anzia lami, utembee njia ambayo watoto wako watapita kwenda shule, na uhesabu mahali ambapo pikipiki haipiti. Kama kuna karavati, chungulia: limezibwa na mchanga na takataka, au maji yanapita?

Ukifika, simama pembe ya juu kabisa na utazame maji yanakotoka. Kiwanja kinaweza kisiwe bondeni na bado kikapokea maji ya paa za majirani watano. Kisha nenda pembe ya chini utazame yanakoelekea. Kama hayana pa kwenda zaidi ya ukuta wa jirani, umepata kesi kabla hujapata nyumba.

Halafu angalia alama zinazobaki hata mvua ikikatika. Mstari wa tope ukutani kwa jirani, kwenye kimo cha goti, ni kipimo cha mafuriko ya mwaka fulani. Kuta zilizolika chini na msingi ulioachwa wazi vinaonyesha maji yenye kasi. Matete na magugu ya majini yanaota palipo na unyevu mwaka mzima. Ukiona viroba vya mchanga vimepangwa mbele ya mlango, mwenye nyumba hakuvipanga kwa mapambo.

Chimba kashimo ka nusu mita kwa kutumia jembe la kukodi kwa jirani, ukajaze maji, uangalie saa. Mchanga hunywa maji upesi. Mfinyanzi huyashika, na udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukipasua na nyumba pamoja nao. Unaweza kujenga juu yake, ila msingi wake una gharama nyingine, na shimo la choo litajaa mapema. Mwonyeshe fundi udongo huo kabla ya kukubaliana bei.

Mwaka 2024 uliwakumbusha Watanzania uzito wa zoezi hili. Tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua, mafuriko na maporomoko. Rufiji na Kibiti, mkoa uleule wa Pwani, zilikuwa kati ya wilaya zilizoathirika vibaya. Waliokagua viwanja vyao kiangazi tu walivikagua upya mwaka huo, wakiwa ndani.

Gharama ambazo hazimo kwenye bei ya dalali

- Dalali: asilimia 10 ndiyo desturi, lakini inajadilika. Kubalianeni kabla, na iwe wazi nani analipa.
- Wakili, mpima ardhi na mthamini: uliza ada kwa maandishi.
- Ushuru wa stempu: karibu asilimia 1 ya thamani.
- Kodi ya ongezeko la mtaji: kisheria ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Tangu mwaka wa fedha 2023/24, asiye na kumbukumbu za gharama zake anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Wauzaji wengi humtupia mnunuzi mzigo huu kimyakimya. Uandikwe kwenye mkataba.
- Kodi ya pango la ardhi, pamoja na malimbikizo ya nyuma. Deni hufuata kiwanja, kwa hiyo omba stakabadhi.
- Umeme: kwa viwango vya Januari 2022, kuunganishwa mjini bila nguzo kulikuwa shilingi 320,960, na kwa nguzo moja shilingi 515,618, wakati kijijini kulikuwa shilingi 27,000. Uliza ofisi ya TANESCO ya eneo kama mtaa huo unahesabiwa mji au kijiji na bei ya sasa ni ipi.
- Maji: umbali kutoka bomba la mtaani. Kama hakuna bomba, hesabu bei ya maji ya gari kwa mwezi.
- Ukishajenga na kuweka LUKU: kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kulingana na viwango vya 2023, hukatwa unaponunua umeme.

Makosa yanayorudiwa

*Kutoa "kishika uchumba".* Fedha ya kuzuia kiwanja kabla ya ukaguzi hairudi kirahisi. Ukilazimika, toa kidogo, kwa maandishi, na iandikwe kwamba itarejeshwa ukaguzi ukionyesha kasoro.

*Kuamini majengo ya jirani.* "Wote hawa wamejenga" haina uzito wa ushahidi. Kimara nako wote walikuwa wamejenga.

*Kununua kwa simu.* Walio Muscat, London au Mwanza humtuma ndugu na kupokea video. Video za kiwanja hupigwa kiangazi. Tuma watu wawili tofauti wasiojuana, mmoja aende mvua ikinyesha, na wakili apokee karatasi moja kwa moja kutoka ofisini. Asiye raia wa Tanzania afahamu pia kwamba haki yake ya kumiliki ardhi ina mipaka kisheria.

*Kumwaga tofali ili "kuonyesha umiliki".* Tofali mia mbili na mchanga lori moja havithibitishi kitu mbele ya baraza la ardhi, na masika yakija mchanga unaondoka.

*Kununua na kuondoka.* Kiwanja kisichotembelewa huuzwa mara ya pili. Panda mipaka, lima mihogo, mweke jirani awe jicho lako.

Kama umeshalipa na mambo yameharibika

1. Usijenge zaidi, na usiongeze hata shilingi.
2. Kusanya mkataba, stakabadhi, ujumbe wa simu na majina ya mashahidi.
3. Kama kiwanja kina hati, muulize wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili wa Hati.
4. Mgogoro huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.
5. Palipo na utapeli, kama kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, toa taarifa polisi pia.
6. Usiye na uwezo wa kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inakupa njia. Uliza ofisi ya halmashauri kuhusu watoa msaada waliosajiliwa eneo lako.

ORODHA YA KUKATA NA KUWEKA MFUKONI

☐ Kongowe ya Kibaha imethibitishwa, na halmashauri inajulikana
☐ Kitambulisho cha muuzaji na namna alivyopata ardhi
☐ Ridhaa ya mwenza, au uteuzi wa msimamizi wa mirathi
☐ Hadhi ya ardhi na matumizi kwenye mchoro
☐ Upekuzi wa ofisi ya ardhi
☐ Vipimo kwa mita, alama za mipaka zimeonekana
☐ Barabara, bomba, umeme, reli, msitu, mto
☐ Majirani wanne wameulizwa bila dalali
☐ Kiwanja kimeonekana mvua ikinyesha na siku iliyofuata
☐ Udongo umeonwa na fundi
☐ Gharama zote zimejumlishwa juu ya bei
☐ Wakili amethibitishwa, na malipo ni kwa jina la muuzaji

Dalali akipiga simu katikati ya wiki kuuliza umeamua nini, mwambie utakuja Jumamosi ya kwanza yenye mvua, naye aje na mabuti.